Pilipili Kwenye Miinuko ya Baridi: Soma Dalili Kabla ya Kununua Dawa

Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kampala ni kama 1,200. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Mche wa pilipili uliokuwa ukistawi Kampala, ukihamishiwa Kabale, Kisoro au Kapchorwa, unakutana na usiku ambao mara nyingi ni wa nyuzi 10 hadi 14. Pilipili haifi kwa baridi hiyo. Inadumaa, inaangusha maua na kuzaa vitunda vilivyopinda, na mwenyewe anadhani karogwa shamba.

Maelekezo mengi ya kupanda pilipili kwenye baridi yameandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, ambao baridi yao huja na msimu na kuondoka na msimu. Sisi tulio karibu na ikweta tuna mchana wa saa 12 hivi, iwe Januari au Julai, na baridi yetu hurudi kila usiku. Kwa upande mmoja ni neema: hakuna majira ya theluji ya kuua mmea, kwa hiyo mpilipili mmoja ukitunzwa unaweza kuishi miaka mitatu na zaidi. Kwa upande mwingine, hakuna kiangazi cha kusubiri. Joto la usiku lazima ulitengeneze mwenyewe.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na dawa. Pilipili ya nyumbani ikisumbua kwenye miinuko, chanzo mara nyingi ni mizizi iliyopoa na udongo uliolowa kupita kiasi. Kabla ya kwenda duka la pembejeo, fanya mambo matatu. Weka kipimajoto kwenye kimo cha majani, ukisome alfajiri kabla jua halijachomoza, maana ndiyo saa ya baridi kali kuliko zote. Chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kisha geuza jani utazame upande wa chini.

Mbegu hazioti

Umepanda wiki tatu zilizopita na kitalu bado ni kitupu. Fukua mbegu moja taratibu, uibonyeze kwa kucha.

Ikiwa ni ngumu na nzima, udongo ni wa baridi. Mbegu ya pilipili huota vizuri udongo ukiwa na nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 15 inalala tu. Ikiwa imelainika na inatoa maji yenye harufu, imeoza: baridi na maji vimekutana. Usipoiona kabisa, kuna panya au chungu, au uliizika chini mno. Kina chake ni nusu sentimita hadi sentimita moja, si zaidi.

Dawa ya baridi ya udongo ni kuotesha ndani ya nyumba. Loweka mbegu usiku mmoja kwenye maji ya vuguvugu. Asubuhi zipange kwenye karatasi ya shashi iliyolowa lakini haitiririshi maji, uikunje, uitie kwenye mfuko wa nailoni usiokazwa sana, kisha uuweke kwenye rafu ya jikoni iliyo juu kidogo ya pale sigiri inapokaa. Usiuweke juu ya sigiri yenyewe wala karibu nayo mno. Pima kwa mkono: mahali unapoweza kuweka kiganja siku nzima bila kukiondoa ndipo panapofaa. Nyumba ikipoa usiku, ingiza mfuko kwenye boksi pamoja na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa.

Pilipili ndefu nyembamba za jamii ya cayenne huchomoza kwa siku 7 hadi 14. Pilipili mbuzi, ile ya mviringo yenye mikunjo, huchukua wiki mbili hadi nne na wakati mwingine zaidi. Watu wengi huzitupa zikiwa zimebakiza siku chache. Kamulali, yaani pilipili kichaa, nayo haina haraka.

Kama umesubiri wiki tano kwenye joto la kutosha na hakuna kitu, mbegu zilikuwa zimekufa. Mbegu za pilipili kavu ya sokoni huenda zilikaushwa kwa moto. Zilizotolewa kwenye tunda bichi hazijakomaa. Chukua za tunda lililoiva kabisa na uzikaushe kivulini. Kabla ya kupanda zote, jaribu 10 kwenye karatasi: zikiota 7 au 8, endelea; zikiota 2, tafuta nyingine.

Miche imeota, kisha ikalala chini

Tazama shina pale linapokutana na udongo. Limekuwa jembamba kama uzi, lina rangi ya kahawia, limelowa. Huo ni ugonjwa wa kinyausi, unaoletwa na kuvu wa kwenye udongo, na mche uliokwisha kuanguka hauinuki tena. Okoa iliyobaki: acha kumwagilia kutoka juu, fungua kifuniko hewa ipite, nyunyiza tabaka jembamba la mchanga mkavu juu ya udongo. Kitalu kinachofuata, changanya sehemu mbili za udongo, moja ya mboji iliyooza vizuri na moja ya mchanga wa mto, halafu umwagie mchanganyiko huo maji yanayochemka na uuache upoe kabla ya kupanda.

Kama shina limekatwa safi kama kwa wembe, hiyo ni kazi ya sota, kiwavi anayekata miche usiku. Fukua karibu na mche asubuhi na mapema, utamkuta amejikunja. Mviringo wa karatasi ngumu wenye kimo cha sentimita 5, uliochomekwa sentimita 2 ardhini kuzunguka kila mche, unamzuia.

Na ikiwa miche ni mirefu, miembamba na imeinamia dirishani, imekosa mwanga tu. Itoe nje mchana.

Mche haukui, na majani yana rangi ya zambarau

Hili ndilo lalamiko la kawaida kabisa la Kigezi (upande wa Kabale na Kisoro) na la mabonde ya mlima Elgon (upande wa Kapchorwa). Mche una majani sita, mwezi unapita, bado ni sita. Upande wa chini wa jani na mishipa yake vinaingia zambarau. Dukani utaambiwa udongo umekosa fosforasi, na utauziwa mbolea. Mara nyingi fosforasi ipo. Mizizi ikipoa inashindwa kuinyonya, kwa hiyo ukiongeza mbolea unaongeza chumvi kwenye mizizi iliyolala. Kuna tofauti moja ya kuangalia: aina fulani za pilipili zina zambarau kwenye vifundo vya shina kwa asili yake. Hiyo haina neno, mradi majani yenyewe ni ya kijani na mmea unasonga mbele.

Tiba ni joto la mizizi, na chombo kinasaidia kuliko shamba. Jerikeni kuukuu la lita 20 linatosha mpilipili mmoja. Likate sehemu ya juu chini ya mkono wake. Toboa kitako matundu 8 yenye unene wa penseli, na mengine mawili ubavuni, sentimita 2 kutoka chini. Lisimamishe juu ya matofali mawili ili maji yatoke na baridi ya ardhi isipande. Ukilipaka rangi nyeusi kwa nje, litakusanya joto zaidi la mchana.

Kisha uchague mahali. Hewa baridi ni nzito. Usiku inateremka mlimani kama maji na kutuama bondeni, kwa hiyo nyumba iliyo katikati ya mteremko ina usiku wa afadhali kuliko ile ya bondeni. Weka jerikeni likiegemea ukuta wa tofali unaotazama magharibi. Kwenye mabonde mengi ukungu hushika hadi saa 3 au saa 4 asubuhi na kula jua la mashariki, lakini jua la alasiri ni la uhakika zaidi, na ukuta uliolipokea unalirudisha polepole usiku kucha. Ukuta wa mabati hauna faida hiyo. Unapoa jua likizama tu.

Maji nayo yana sehemu yake. Maji ya bomba au ya chemchemi asubuhi ni ya baridi mno. Yajaze kwenye ndoo jana yake, yakae juani, umwagilie saa 4 asubuhi. Usimwagilie jioni, kwa sababu udongo uliolowa hulala na baridi usiku mzima.

Usihamishe mche kutoka ndani kwenda nje kwa mkupuo. Uwe na majani 6 hadi 8 halisi na urefu wa sentimita 15 hivi, na uutoe nje kwa saa chache kila siku kwa muda wa siku 7 hadi 10. Kwenye miinuko mche hufikia hapo baada ya wiki 8 hadi 10, si 6 kama ilivyoandikwa kwenye pakiti.

Majani yanageuka njano

Angalia ni yapi. Yakianza ya chini kabisa na njano ikienea jani zima, nitrojeni imepungua. Weka kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya NPK 17-17-17 kwa jerikeni la lita 20, sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye shina, ukifukie na kumwagilia. Au tumia maji ya samadi: kilo moja ya samadi iliyooza kwenye lita 10 za maji, wiki mbili, kisha uyapunguze kwa maji mpaka yawe na rangi ya chai nyepesi.

Yakianza machanga ya juu, na mishipa ikibaki kijani, uliza ni jivu kiasi gani limewekwa. Jivu la jikoni ni jema kwa kiasi cha kiganja kimoja kwa miezi kadhaa, lakini wengi huliweka kila wiki. Udongo hupoteza uchachu wake, na mmea unashindwa kupata chuma hata kama kimejaa. Acha jivu, ongeza mboji.

Na kama kidole kinatoka kwenye udongo kikiwa na tope, chochote ulichosoma hapo juu hakihusu. Mizizi inakosa hewa. Zibua matundu ya kitako na uache kumwagilia mpaka jerikeni liwe jepesi unapoliinua.

Unanyauka mchana ilhali udongo una maji

Hapa pana uwezekano wa aina tatu, na mmoja wao ni mbaya sana.

Wa kwanza ni mizizi iliyojaa maji, ambao tumeueleza. Wa pili ni uozo wa shina: pale shina linapogusa udongo kuna mkanda mweusi unaopanda juu, hasa katika mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Mmea huo ng'oa, uuchome, udongo wake usiutumie tena kwa pilipili.

Wa tatu ni mnyauko wa bakteria. Mmea unanyauka majani yakiwa bado ya kijani, usiku unajipa nguvu, baada ya siku chache hauinuki tena. Jaribio lake ni la dakika tano. Kata kipande cha shina cha sentimita 10 karibu na udongo, ukitundike kwenye glasi ya maji safi ili sehemu iliyokatwa iguse maji tu, usikitikise. Ikiwa ni bakteria, nyuzi nyeupe kama maziwa zitaanza kuteremka kutoka kwenye shina. Maji yakibaki safi, rudi kwenye uwezekano wa kwanza na wa pili.

Hakuna dawa ya kuuponya. Viazi mviringo, nyanya na biringanya ni ukoo mmoja na pilipili, na ugonjwa huu unahama kati yao. Kwa wakazi wa Kabale na Kisoro, ambako viazi hulimwa kila kona, maana yake ni kwamba usijaze jerikeni kwa udongo wa shamba la viazi, wala usilete jembe lililotoka huko bila kuliosha.

Maua yanapukutika

Okota ua lililoanguka ulitazame. Kikonyo chake ni cha njano na kimeachia pale kwenye kifundo, kama kimekatwa kwa kusudi. Ni kweli kimekatwa kwa kusudi: mmea wenyewe umeamua kwamba hauwezi kulilea.

Sababu ya kwanza kwenye miinuko ni usiku. Joto likishuka chini ya nyuzi 13 hadi 15, chavua hudhoofika na ua halirutubiki. Ushahidi mwingine uko kwenye matunda machache yaliyoshika: yapasue. Yakiwa mafupi, yamepinda na ndani yana mbegu mbili tatu tu au hayana kabisa, baridi iliyakuta yakiwa ua.

Tengeneza kibanda cha usiku. Pinda fito nne za mwanzi ziwe kama matao juu ya mimea, funika kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, nailoni isiguse majani. Ifunge saa 11 jioni, kabla joto la mchana halijatoroka. Watu wengi hufunga saa 2 usiku na kufungia baridi ndani. Weka humo chupa kadhaa za lita 1.5 zilizojaa maji na zilizoshinda juani. Asubuhi saa 3 ifungue, na hili usilisahau hata siku moja: jua la mchana likiingia kwenye nailoni iliyofungwa, joto linapita nyuzi 32 na maua yanaanguka kwa sababu iliyo kinyume kabisa na ile ya usiku. Kibanda kinasaidia pia siku ya mvua ya mawe.

Kibanda kikifungwa, nyuki hawaingii. Pilipili inaweza kujirutubisha yenyewe, ila chavua inahitaji kutikiswa. Kati ya saa 4 na saa 6 mchana, gonga shina kwa kidole mara tatu nne.

Ikiwa kipimajoto kinasema usiku ni nyuzi 16 na maua bado yanaanguka, tazama majani. Mmea mnene, wa kijani iliyokolea, wenye majani makubwa na usio na tunda umeshiba nitrojeni: acha samadi kwa wiki nne. Mmea uliokauka leo na kufurika kesho nao huangusha maua. Mmea usiopata angalau saa 6 za jua utaangusha hata ukiufanyia kila kitu.

Jambo la mwisho kuhusu maua ni aina ya mbegu. Pilipili mbuzi ndiyo inayodai joto kuliko zote. Kwa nyumba iliyo juu ya mita 1,800 isiyo na kibanda, tungeshauri aina za cayenne na jalapeno, ambazo huwahi. Na ukibahatika kupata mbegu za rokoto, pilipili ya milima ya Andes yenye majani ya manyoya, maua ya zambarau na mbegu nyeusi, zipande bila kusita. Hiyo hupenda ubaridi na huchukia joto la Kampala.

Majani machanga yamejikunja

Yakijikunja kwenda juu na kuwa na mng'ao wa fedha, ni thripsi, wadudu wadogo wembamba. Yakijikunja kwenda chini, yakawa membamba, magumu, na chini yake yana rangi ya shaba, ni utitiri mweupe, mdogo kiasi kwamba macho hayamwoni. Yakiwa yananata na chungu wanapanda na kushuka, ni vidukari.

Kwa vidukari, tumia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kwa lita moja ya maji. Sabuni ya unga inaunguza. Jaribu kwenye jani moja kwanza, subiri siku moja. Nyunyiza jioni mapema, upande wa chini wa majani, urudie baada ya siku 5 hadi 7. Thripsi wanahitaji kurudiwa mara tatu au nne, na kadi za bluu zinazonata husaidia kuwanasa. Utitiri mweupe hausikii sabuni vizuri. Kata ncha zilizoathirika, uzichome, halafu tumia salfa ya kuchanganya na maji kwa kipimo cha kwenye pakiti, kamwe si juani na si pamoja na mafuta.

Jani lenye mabaka ya kijani na njano yaliyochanganyika kama ramani, bila mdudu wowote, ni virusi. Ng'oa.

Mabaka ya njano juu ya jani na unga mweupe chini yake ni ubwiri unga, wa wakati wa ukame. Salfa hiyo hiyo inafaa.

Tunda lina doa au limeoza

Doa la kahawia, kavu kama karatasi, kwenye kitako: ni kuoza kitako, na si ugonjwa wa kuambukiza. Kalsiamu haikufika kwenye tunda kwa sababu maji yalikuja kwa kushtukiza. Mwagilia kwa mpango, tandaza nyasi kavu juu ya udongo. Matunda yanayofuata yatatoka safi.

Doa lililobonyea, lenye duara ndani ya duara na vijidonge vya rangi ya waridi au machungwa, kwenye tunda lililoiva: ni chule. Chuma matunda yote yenye doa, na usichukue mbegu humo.

Tundu dogo lenye unga wa kahawia mdomoni, na ndani kiwavi wa rangi ya waridi: huyo ni kiwavi wa nondo wa matunda, yule yule aliyefanya Umoja wa Ulaya kuweka masharti makali kwa pilipili kutoka Afrika tangu 2018. Matunda yake usiyatupe kwenye mboji. Yatie kwenye mfuko wa nailoni mzito, ufunge, uuache juani wiki mbili.

Matunda yamejaa lakini hayaivi

Kwenye pakiti imeandikwa siku 80 tangu kuhamisha. Kwenye mita 2,000, ongeza mwezi mzima au zaidi. Tunda likifikia ukubwa wake na kuwa gumu, linaweza kukaa kijani wiki nyingi. Usilichume ukitumaini litaiva kabatini. La kijani kabisa litanyauka tu. Subiri mpaka rangi ianze kugeuka, hata kama ni mstari mmoja karibu na kikonyo. Hapo lichume uliweke jikoni, litamalizia lenyewe kwa siku chache, na mmea utapata nafasi ya kulea mengine. Ukiona mvua kubwa inakuja na matunda mengi bado ni ya kijani, yanafaa vivyo hivyo kwa achari na kwa mchuzi. Ukali wake upo tayari.